Mwaka Aliotaka Bi Mishi Kumjua Muuaji

Mwezi uliopita tulimzika ami yangu Athmani, na siku ya hitima mtu mmoja akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mpenzi wa vitabu. Mpenzi wa vitabu! Nilikuwa upande wa wanawake, nimekaa mkekani na sahani ya pilau mbele yangu, nikalirudisha tonge sahanini. Msemaji akaendelea, ati marehemu ndiye aliyewatia hima watoto wa kike wa nyumba yake wasome. Wanawake walio karibu nami wakanitikisia vichwa kwa heshima, maana mtoto wa kike wa nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu, sikuwa na mwenzangu. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, kunjua uso, watu wakutazama." Nikamwambia anyamaze ale. Najua maiti hasemwi kwa mabaya, na nimemwombea Mungu amsamehe, tena nimemwombea kwa moyo. Lakini kumwombea mtu ni jambo moja, na kumvika kanzu ambayo hakuivaa maisha yake yote ni jambo jingine. Nimekaa na hasira hii mwezi mzima, chakula hakishuki vizuri, na nimeona bora niiseme kuliko iniue.

Ya wazazi wangu, na kwa nini nililelewa kwa ami, mniwie radhi, si ya leo. Nataka kusema mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, mwaka niliomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani sina la kufanya ila kukuna nazi na kungoja watu wazima waamue niwe nini. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, ya ghorofa moja, na ngazi zake za mbao zilisimama wima hata mgeni huzipanda akishika kwa mikono. Chumba cha juu cha mbele kilikuwa cha Bi Mishi. Hakuwa wa damu yetu. Alikuwa shoga wa nyanya yangu, na nyanya alipokuwa akifa alimuusia ami kwamba shoga yake asitolewe chumbani mle. Miguu ilikuwa imemvimba, hawezi kushuka, kwa hivyo dunia yake ilikuwa kitanda, redio iliyokoroma kuliko kusema, na dirisha. Chini ya dirisha lile hasa ndipo ilipokuwa baraza ya wanaume. Harufu ya kahawa ilipanda, na maneno yalipanda pamoja nayo: nani kaacha mke, samaki wamepanda bei namna gani, mbunge kasema uongo gani. Sisi juu tulisikia yote, tukacheka vinywa tumeviziba kwa leso. Na kwa miaka yote ile hakuna mwanamume hata mmoja aliyepata kusema kwamba sauti zao zinafika vyumbani mwa wanawake.

Kitabu chenyewe nilikikuta Majengo. Nilikuwa nimetumwa, nikasimama kwa muuza viazi vya karai, na mikono yake ilikuwa na unga wa dengu mpaka vifundoni. Aliponifungia viazi vyangu nikaona karatasi aliyonifungia ina maandishi ya Kiingereza, na mstari wa mwisho unasema kwamba bwana mwenye nyumba amekutwa amekufa mezani, kijiko bado kiko mkononi. Nikamwambia, "Kaka, hiki kitabu chako kiko wapi?" Akanionyesha. Jalada lilikuwa limekwenda, jina limekwenda, kurasa za mwanzo zimekwenda na viazi vya watu. "Wakitakia nini sasa kitabu kisicho kichwa?" akaniuliza. Nikarudi mbio nyumbani, nikachukua magazeti ya zamani ya ami, tukabadilishana. Alifurahi, maana magazeti ni mapana.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha Bi Mishi nikasoma, Kiingereza machoni na Kiswahili mdomoni. Shangazi Fatuma alikuja na kofia aliyokuwa akiitunga, akaketi chini ameegemea ukuta. Shangazi alikuwa dada yake ami, mjane, na yeye ndiye aliyeiendesha nyumba ile: kupika, kufua, kupokea wageni, kumpelekea ami kahawa barazani kwa kuipitisha mlangoni. Kulikuwa na mahamri yaliyobaki asubuhi, na chai ya tangawizi, na mpelelezi. Mpelelezi yule alikuwa mtu mnene mwenye mafua yasiyopona, anauliza maswali huku anatafuta kitambaa mfukoni, na mimi nilimpigia chafya zake zote kwa vishindo. Tajiri alikuwa ametiliwa sumu kwenye jemu. Nyumbani mwake siku ile walikuwamo daktari wake, mpwa wake, mwanasheria, padri wa kijiji, na dada yake tajiri ambaye hakupata kuolewa. Mvinyo wao niliugeuza sharubati ya zabibu, kwa adabu ya nyumba. Bi Mishi akaniacha mpaka mara ya tatu, kisha akasema, "Hiyo sharubati yao ina nini, mbona wakishainywa wanatukanana?"

Sijui kama nitaweza kuieleza raha ile. Nimesomesha miaka mingi tangu hapo, nimesoma vitabu vilivyo vizito mno, na vingi nimevisahau. Kile hakinitoki. Kila mtu mle ndani ana uso wa wema, kila mtu ana mahali alipokuwa, na mmoja wao anasema uongo, na uongo wenyewe umewekwa mbele ya macho yako kama sahani mezani, nawe unaupita. Bi Mishi hakuupita. "Rudi nyuma," alikuwa akiniambia. "Mpwa aliposema amekwenda kukata maua, mvua ilikuwa yanyesha au haijanyesha?" Narudi nyuma, natafuta, kumbe ilikuwa yanyesha. "Haya! Nani akata maua mvuani?" Shangazi akijichoma sindano kwa hamu. Na lilikuwapo sharti moja, aliyeliweka ni Bi Mishi: mimi nisitangulie kusoma. "Ukijua wewe, nitakuona usoni," alisema, "na raha yangu itakuwa imekwisha." Kwa hivyo kitabu kililala chini ya mto wake, na mimi nilitii. Nililala na njaa ya kitabu kile nyumba moja nacho, nikatii.

Wala hatukujua kwamba kule chini pamenyamaza. Shangazi ndiye aliyetambua kwanza. Alisema, "Mbona leo hatusikii habari za samaki?" Tukachungulia kwa kupenyeza jicho. Baraza ilikuwa imejaa kuliko siku zote, wazee wamekaa wameinua masikio, na Mzee Swaleh, fundi wa saa wa mtaa wetu, ameshika kikombe cha kahawa hanywi. Bi Mishi alicheka mpaka akakohoa. "Wapandishie sauti," akaniambia. "Yule upande wa kushoto ni kiziwi kidogo." Nami nikapandisha.

Siku tuliyofika karibu na mwisho, mpelelezi amewaita wote ukumbini na kuwaambia wakae, tukasikia kikohozi cha ami mlangoni. Wanaume wa nyumba yetu hukohoa kabla ya kuingia walipo wanawake, wapate kujisitiri. Tukavuta leso. Akaingia, macho chini, mkono mbele.

"Nipa hicho kitabu."

"Ami, kimebakia kidogo tu."

"Sauti yako yafika njiani! Nimetoka msikitini nakuta watu wazima, wenye ndevu, wamekaa wanamsikiza mtoto wa kike akipiga chafya. Hamna haya?"

"Si chafya zake," akasema Bi Mishi. "Ni za mpelelezi."

"Bi Mishi, mimi nakuheshimu. Lakini hiki ni kitabu cha mauaji, cha watu walevi."

"Walevi wa sharubati."

"Nipa, Zuhura."

Nikampa. Ningefanya nini? Lakini hata leo, na nywele zangu zimeingia mvi, damu inanichemka nikikumbuka. Sauti inayofika njiani ni kosa langu mimi niliye chumbani. Waliokuja njiani kuitafuta hawakuambiwa neno. Baraza haina miguu, nakubali, lakini wao je? Kila mmoja alikuwa na miguu miwili ya kumpeleka baraza nyingine. Hakuna aliyemwambia Mzee Swaleh aone haya. Alirudi kunywa kahawa yake, na mimi nikarudi kukuna nazi, na mkutano wa ukumbini ukabaki umekaa pale pale, muuaji yumo ndani, mlango umefungwa.

Bi Mishi hakulia, alinuna. Alinuna kama mtoto, akageukia ukuta, na kila nikiingia na chai husema, "Wangali wamekaa ukumbini?" Namwambia, "Wangali, Bi." "Masikini, wamechoka." Halafu alianza kuumwa hasa. Uvimbe ulipanda, pumzi ikawa fupi, daktari akaja akaondoka akimwambia shangazi maneno mlangoni kwa sauti ya chini. Nikaona sasa kuona haya hakuna nafasi. Nikamfuata ami chumbani kwake baada ya chakula cha mchana, akiwa ameketi kitandani anatafuna tambuu, miwani juu ya paji la uso.

"Ami, Bi Mishi hali yake si nzuri. Naomba kitabu. Nitafunga dirisha, nitamsomea sikioni."

"Kitabu gani?"

"Kile ulichochukua."

"Hakipo. Nimekitupa baharini."

Kwa kweli nilimwamini. Laiti ningekuwa nimejifunza lolote kwa yule mwenye mafua! Ami yangu alikuwa mtu wa kuapa. Aliapa kwa bei ya mchele, aliapa kwa mvua ya jana. Siku ile hakuapa, na mimi nikatoka machozi yananitiririka, sikuliona hilo.

Bi Mishi akamwuliza mwenyewe. Nilikuwapo, nimeshika upepeo. Ami alikuwa amekuja kumsomea Yasini, na hilo sitamnyima, alikuwa akimsomea vizuri, kwa sauti ya upole. Alipomaliza na kumpulizia, Bi Mishi akamshika mkono. "Athmani mwanangu," akasema, "kile kitabu ulikishika wewe. Hukuchungulia mwisho wake?"

"Yaache hayo ya dunia, Bi Mishi. Mtaje Mola wako."

"Namtaja. Naye yuanijua kuwa napenda hadithi. Nani aliyeua, Athmani?"

Ami akautoa mkono wake taratibu. Akasema, "Kitabu hakipo," akakohoa, akatoka. Bi Mishi akanigeukia, akanitaka nimpandishe mto. Nikamwambia, "Bi, nikutungie mwisho?" Akakasirika. "Usinitungie. Wadhani mimi ni wa kutungiwa? Nimeshamjua." Shangazi akaiweka kofia yake chini. Na Bi Mishi, kwa pumzi zake fupi, akisita na kuanza tena, akatusomea hukumu yake. Jemu ilikuwa kabatini, na funguo za kabati ziko kiunoni mwa nani? Mwa dada mtu. Mwanamke amemtumikia kaka yake tangu usichana, amepika, amefua, amepokea wageni wake, mahari zimekuja na kurudi, kisha jioni moja anasikia mlangoni kwamba nyumba ataachiwa mpwa, anayekuja kula Jumapili na kwenda zake. "Na sikizeni," akasema. "Yule mnene amewauliza wote walikuwa wapi. Amemwuliza mpaka mkata majani. Dada mtu hakumwuliza. Alimwomba chai!" Shangazi akaiokota kofia yake, akaichomeka sindano. Kisha akasema, "Ni kweli. Hakumwuliza." Bi Mishi akafumba macho ameridhika, lakini akayafumbua tena. "Nataka kujua kama nimepatia, Zuhura. Nitafutie." Hiyo ndiyo haja yake ya mwisho aliyoniambia mimi. Alifariki siku chache baadaye, adhuhuri, shangazi amemshikia kikombe cha uji.

Matanga yakaisha, mikeka ikakunjwa. Nilikuwa chumbani kwa Bi Mishi natandua kitanda, shangazi akaingia na kikapu cha nguo chafu za ami. Akafunga mlango. Akatia mkono chini ya nguo akatoa kitabu changu, kile kile, bila kichwa. "Chini ya godoro lake," akasema. Nikakifungua. Kuanzia pale tulipokatizwa, ukumbini, mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, kulikuwa na madoa mekundu ya tambuu, doa hapa, doa pale, na alama ya kidole gumba pembeni alipokuwa akigeuza. Nyumba nzima mtafuna tambuu alikuwa mmoja. Nikasoma mwisho nimesimama, kimoyomoyo, kisha nikamwambia shangazi, "Ni daktari."

Shangazi akaketi juu ya godoro tupu. "Daktari?" Akafikiri. Nikauona uso wake unabadilika. "Zuhura, waikumbuka Ijumaa ile niliyopika pilau ya kuku? Bi Mishi akataka ukoko?" Nikamwambia naikumbuka. "Siku ile nilipompelekea ami yako maji ya kunawa aliniambia, dunia imeharibika Fatuma, hata daktari si mtu wa kuaminiwa. Nami nikadhani amsema daktari wa hospitali."

Ijumaa ile Bi Mishi alikuwa hai. Alikuwa anakula ukoko, hajaanza kuumwa hasa! Kwa hivyo Bi Mishi alipomshika mkono na kumwuliza, na ami akamwambia amtaje Mola, ami alikuwa anajua. Jina lilikuwa mdomoni mwake. Neno moja tu, angeinama akamwambia sikioni, hakuna baraza ambayo ingesikia. Akaona bora mwanamke mzee aende na kiu kuliko yeye aonekane amesoma kitabu alichotuharamishia. Na huyu ndiye mpenzi wa vitabu! Mungu na anisamehe, siku ile nilitamani kuvunja kitu. Shangazi akasema kwa huzuni, "Basi Bi Mishi alikosea." Nikamwambia hakukosea, aliyekosea ni aliyeandika. Maana daktari yule, nilipousoma ule mwisho vizuri, aliua kwa sababu ya jambo la zamani, la nchi ya mbali, ambalo katika kitabu kizima hatukudokezewa hata kwa nusu mstari. Huo ni uungwana? Tumekaa tunapima mvua na maua, kumbe sababu imefichwa ng'ambo! Ya Bi Mishi ilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo, na kiunoni inalia kwa funguo.

Alasiri ya siku ile nilifungua dirisha pande zote mbili, nikakaa kizingitini. Baraza ilikuwa imejaa, na ami yuko katikati, kofia mpya, anazungumza. Nikapiga chafya. Chafya ya mpelelezi, kubwa kuliko zote nilizopata kupiga. Chini pakanyamaza kama walioagizwa.

"Zuhura!" ami akaita. "Funga dirisha!"

Nikaanza kusoma. Mpelelezi anafuta pua, anawatazama mmoja mmoja.

"Wewe, nasema na wewe!"

"Athmani," akasema Mzee Swaleh, wala hakumtazama, "mwache amalize. Tumengoja tangu Bi Mishi hajaumwa."

Nikasoma ukumbi ule wote kama ulivyoandikwa, neno kwa neno. Mpwa akaachiliwa, padri akaachiliwa, mwanasheria akaomba maji. Nilipofika mpelelezi anaponyosha kidole, kidole cha kitabuni kikaenda kwa daktari, na changu mimi nikakipeleka kwa dada mtu. Nikaeleza kabati, nikaeleza funguo, na miaka ya kupika na kufua, na nyumba iliyopewa mwengine, na namna kila mtu alivyoulizwa isipokuwa yeye aliyetengeneza chai. Niliyasema kwa maneno ya Bi Mishi mwenyewe. Chini wakaguna. Nilisikia mtu anasema, "Lo! Ni kweli, hakuulizwa!" Na mwengine, kwa kicheko, "Athmani, kahawa yako huipika nani?" Nyuma yangu shangazi alijitia pindo la leso kinywani.

"Siyo!" Ami alikuwa amesimama. "Siyo dada! Siyo yeye!"

Vichwa vyote vikamgeukia. "Siyo yeye?" akauliza Mzee Swaleh. "Ni nani basi?"

Nikainama dirishani, mbele ya watu, uso wangu nje, sauti yangu njiani. "Ami, kwani wewe umekisoma?"

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa tambuu, na ilifunguka, na nikaliona neno lile limekaa ulimini tayari kutoka. Likarudi. Akaketi polepole, akashika kikombe chake, akakitazama ndani, asinywe. "Sikukisoma," akasema.

"Basi muuaji ni dada mtu," nikawaambia wote, "na wa kwanza kumjua alikuwa Bi Mishi binti Omari, kitandani kwake, kabla kitabu hakijakwisha. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Baraza nzima ikaitikia, "Amin." Sikuondoka dirishani. Nikamtazama ami yangu, wenzake nao wakamtazama, mpaka na yeye ikambidi aitikie.